Mwenye Nyumba Kapimwa, Kaonekana ni Vata

Wifi yangu aliteremka kutoka MV Kilindoni uso umempauka kwa kutapika njia nzima tangu Nyamisati, na kabla hajaomba maji ya kunywa akauliza kama sanduku lake limeshushwa salama. Lilikuwa sanduku la chupa. Huko Dar es Salaam alikuwa amemaliza mafunzo ya kuchua mwili kwa elimu ya Wahindi iitwayo Ayurveda, akapewa cheti chenye muhuri wa rangi ya dhahabu, na sasa amekuja hapa kisiwani Mafia kwa kaka yake kutafuta riziki. Hesabu yake ilikuwa nzuri. Kuanzia Oktoba mpaka karibu na Machi papa potwe huja kula karibu na Kilindoni, wageni hujaa kwenye hoteli za Utende, na mgeni aliyeogelea na potwe asubuhi, jioni mabega yanamuuma. Mabega yanataka mchuaji. Kasoro ilikuwa moja tu: alikuja Juni, kusi inavuma, na Utende hata wapishi wa hoteli wamekwenda kwao.

Mtu mwenye cheti kipya hakai mikono mitupu. Akaitazama nyumba yetu, akaona imejaa miili.

Kwanza mwenye nyumba, mume wangu, mfanyabiashara wa nazi, mrefu na mkavu, ambaye usiku huamka kuhesabu magunia kichwani. Kisha mdogo wake, shemeji yangu, fundi wa mashua aliyejifunza kazi Jibondo, ambako watu huunda vyombo tangu babu na babu. Kisha mimi na watoto. Juu yetu sote Bi Mkubwa, mama mkwe wangu, mkandaji wa wazazi tangu sijaolewa. Ukisikia mwanamke wa mtaani kwetu amejifungua, Bi Mkubwa ameshajifunga kibwebwe, na siku arubaini mzazi huyo atakandwa kwa maji moto na kuchuliwa kwa mafuta ya nazi mpaka tumbo lirudi mahali pake. Mabinti wanaoolewa nao ni wake: liwa, singo, asumini, kila kitu.

Wifi hakuliona hilo kuwa tatizo. Jioni ya pili alitukalisha barazani akafungua daftari.

Kila mtu, alisema, amezaliwa na nguvu tatu ndani yake, vata, pita na kafa, ila kwa kawaida mojawapo humtawala. Vata ni upepo: mtu mwembamba, ngozi kavu, miguu ya baridi, usingizi wa kuku, mawazo hayatulii. Huyo huchuliwa kwa mafuta ya ufuta, tena yapashwe moto. Pita ni moto: mwili wa wastani, jasho jingi, ngozi nyepesi kuwashwa, njaa isiyongoja, hasira karibu. Huyo hupakwa nazi, kwa kuwa nazi hupoza. Kafa ni maji na udongo: mwili mzito, ngozi laini yenye mafuta yake yenyewe, usingizi mnono, mwendo wa taratibu. Huyo mafuta hupewa kidogo, ya haradali yenye ukali, na pengine hapakwi mafuta hata tone bali husuguliwa unga mkavu mwili mzima damu ichangamke. Haya, alisema, yameandikwa katika vitabu vya Charaka na Sushruta yapata miaka elfu mbili iliyopita.

Ilikuwa elimu tamu kuisikiliza, na ingebaki tamu kama isingefika kwenye maswali.

“Kaka, unakasirika upesi?”

“Mimi sikasiriki.”

Bi Mkubwa akakohoa.

“Mama, unakohoa nini?”

“Nakohoa vumbi, mwanangu.”

“Vumbi gani barazani? Mimi nimekasirika lini ndani ya nyumba hii? Aje mtu aseme ni lini!” Akasimama. Wifi akachora mstari kwenye daftari, pita ikapata alama moja, na ugomvi mwingine ukaanza, wa kutaka mstari ufutwe. Hatimaye ngozi yake kavu na magoti yanayolia akichutama vikaishinda hasira. Mwenye nyumba akatangazwa vata. Aliipokea habari hiyo kama mtu aliyepewa cheo, na tangu usiku ule akiombwa fedha ya sukari anajibu kuwa yeye ni vata, asisumbuliwe.

Mimi wifi hakuniuliza kitu. Alinitazama kutoka juu mpaka chini, akaandika. Nilipochungulia nikaona kafa.

“Wifi, mbona mimi hukunisaili?”

“Wifi yangu, mengine yanaonekana.”

Jirani yetu, aliyekuwa amekuja kuazima chekecheo, naye akaandikwa kafa kabla hajakaa. Aliondoka bila chekecheo, na habari ikamtangulia kisimani. Kesho yake wanawake wawili walinisalimia kwa baridi kwa sababu walisikia kwetu kuna mtu anaandika wanene kwenye daftari.

Bi Mkubwa alikataa kusailiwa. “Mimi mtu namjua kwa kumshika,” alisema, akamvuta mwanawe mkono, akambinya kiwiko na kumpapasa goti. “Huyu ana mwili wa baridi, na yabisi imemkaa magotini. Mpashie ufuta.” Akamshika shemeji: “Huyu mwili wa hari. Nazi. Usimpashie.” Akanigeukia mimi, akanionea huruma, akasema: “Huyu hana haja ya mafuta. Msugue dalia, inamtosha.”

Mimi nilikuwa nimekaa katikati yao. Mmoja anasoma daftarini, mwingine anasoma vidoleni, na maneno ni yale yale. Wao hawakusikilizana. Wifi aliona anapingwa na mtu asiyesoma. Bi Mkubwa aliona anafundishwa kazi na mtoto aliyemkanda mwenyewe akiwa mchanga. Kwa muda wa kusi yote walishindana juu ya jambo ambalo walikuwa wamekubaliana tangu siku ya kwanza.

Wala si ajabu kukubaliana. Matabibu wa pwani yetu walifuata tiba ya Kiarabu, nayo ilichukua kwa Wagiriki: hari na baridi, yabisi na rutuba, damu, balghamu, safura na sauda. Wahindi walikuwa na hesabu yao, lakini majahazi ya kaskazi yalikuwa yakileta watu wote hao bandari zilezile. Hapa kwetu usisafiri mbali: vuka tu kwenda Chole, iliyokuwa makao makuu ya wilaya mpaka Wajerumani walipoyahamishia Kilindoni mwaka 1913, utaona magofu ya hekalu la Wahindi, mizizi imelikumbatia. Wafanyabiashara waliosali pale hawakuja na nguo na mchele peke yake. Walikuja na migongo pia, na mgongo unaouma haungoji meli irudi kwao kuleta dawa.

Vita ya kwanza kubwa ilikuwa ya mafuta ya nazi. Katika sanduku la wifi kulikuwa na kichupa cha mafuta ya nazi kilichonunuliwa Dar es Salaam kwa bei ambayo Bi Mkubwa aliomba arudiwe kuambiwa, kisha akaomba mara ya tatu. Mafuta ya nazi kuletwa Mafia! Kisiwa ambacho minazi yake ilienea tangu mashamba ya Waarabu wa Oman, tulipokuwa chini ya Sultani wa Zanzibar, kabla Wajerumani hawajakichukua mwaka 1890. Kisiwa ambacho mwenye nyumba huyu anayechuliwa anakula, anavaa na anasomesha kwa nazi. Bi Mkubwa aliketi kimya kidogo. “Mwanangu,” akasema, “hata chumvi ungeleta, ningekuelewa.”

Halafu baridi ya Julai ikaingia. Asubuhi moja wifi akakuta kichupa chake kimeganda, cheupe kama samli, akapiga kelele kuwa ameuziwa mafuta yaliyochanganywa. Bi Mkubwa akamwonyesha chupa yake, imeganda vilevile. Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na kuganda kwenyewe si kasoro: kichupa kikae ndani ya maji ya uvuguvugu, mafuta yatayeyuka tena. Hapo wifi alipaswa kushukuru. Badala yake alinusa chupa ya Bi Mkubwa akasema, “Mama, haya yananuka moshi. Mgeni hawezi kupakwa mafuta yenye harufu ya jikoni.”

Nisiwe mnafiki: alikuwa na hoja. Mafuta yetu ya nyumbani hupikwa. Nazi zinakunwa kwenye mbuzi, tui linakamuliwa kwenye kifumbu, linalazwa, utando mzito wa juu unaenguliwa na kubandikwa jikoni, na unakaa nao, unakoroga, mpaka maji yote yaishe, mafuta yajitenge na chini yabaki masalia ya kahawia yanayogombewa na watoto kwa sukari. Moto ukizidi, mafuta yananuka kuungua. Moto ukipungua ni balaa zaidi, kwa sababu maji yanabaki ndani na baada ya majuma machache chupa imechacha. Ya wifi yalikamuliwa bila kupikwa, meupe, yenye harufu ya nazi mbichi. Kwa ngozi ya mgeni anayelipa, yalikuwa mazuri zaidi. Kwa nywele zangu nachukua ya Bi Mkubwa, hata kama nitanuka moshi. Nyumba yangu yote inanuka moshi.

Ufuta haukuleta maneno mengi. Unatoka ng’ambo, Lindi na Mtwara, na upande wa Rufiji na Kibiti pia, kwa hiyo hapa hakuna wa kudai ni wake. Wifi alituonya jambo moja la maana: ufuta wa kuchulia ukamuliwe mbichi. Ule uliokaangwa kwanza huwa mweusi na kunukia chakula, na mtu aliyepakwa atanuka kama mkate wa ufuta. Haradali ndiyo iliyobaki bila mteja. Mafuta hayo huwasha. Marekani chupa zake huuzwa na maandishi kuwa ni ya kupaka nje ya mwili tu. Siku wifi alipotaka kuyajaribu kwa mtoto wa jirani aliyezaliwa juzi, Bi Mkubwa alisimama mlangoni na mchi mkononi. Naye alikuwa na hoja: watafiti wamekwisha kuona kuwa haradali inaweza kudhoofisha ngozi ya mtoto mchanga, ambayo bado haijakomaa. Bi Mkubwa hakuwa amesoma utafiti. Alikuwa na mchi.

Tukafika kwenye usiku wenyewe.

Kulikuwa na akdi Ijumaa, binti wa marehemu kaka yao anaolewa, na mwenye nyumba ndiye walii. Wiki nzima hakulala kwa hesabu za mchele na ng’ombe. Wifi akamtazama macho akasema vata imepanda, imefika kichwani, na asipochuliwa usiku ule kwa ufuta wa moto kuanzia utosini hadi nyayoni, kesho atasinzia mbele ya sheikh. Mwenye nyumba, ambaye kwa sasa aliisikia vata ikipanda kila anapodaiwa, akakubali mara moja. Akavua shati, akajifunga msuli, akalala kwenye mkeka.

Umeme ukakatika.

Kuna mambo mawili ambayo wifi hakuyajua. Ufuta ulikuwa stoo, rafu ya juu, ndani ya chupa kubwa ya soda. Na shemeji, ambaye mashua yake pale ufukweni ilikuwa imekwisha kutiwa kalafati, mchana ule alileta sifa ya kupaka mbao, akaiweka rafu ya juu watoto wasiifikie, ndani ya chupa kubwa ya soda. Kwa msomaji wa bara: sifa ni mafuta ya ini la papa. Mashua chini, sehemu inayozama, hupakwa deheni, na juu hupakwa sifa, mbao zisipasuke kwa jua. Mchana sifa ina rangi ya dhahabu. Kwa tochi ya simu yenye chaji ya mwisho mwisho, ni ufuta mtupu.

Jambo la tatu alilijua lakini hakulijali: alikuwa na mafua.

Akamimina kwenye sufuria, akaweka juu ya mkaa, akapima joto kwa kidole, akaanza. Mimi nilikuwa uani nachambua mchele na wenzangu, harufu ikatufikia tukadhani bahari imekupwa vibaya. Mwenye nyumba yeye aliisikia tangu tone la kwanza. Aliniapia baadaye kuwa aliuliza.

“Dada, mbona ufuta huu unanuka?”

“Ni halisi, kaka. Ule mwingine ulikuwa wa dukani.”

Akaridhika. Mume wangu ana imani kwamba dawa isiyonuka imechakachuliwa. Basi akapakwa utosi, akapakwa masikio kwa ndani kama mafunzo yanavyotaka, ndevu, mgongo, magoti kwa mizunguko, nyayo kwa kidole gumba. Paka wa kwanza aliingia wakati wa mgongo. Wakati wa magoti walikuwa watatu, na wa mtaa wa pili anakuja juu ya ukuta.

Bi Mkubwa aliamka chumbani kwake, akaita gizani: “Jamani, nani anapaka mashua usiku huu?”

Hapo shemeji akaruka kitandani. Hakwenda kwa kaka yake, alikwenda stoo. Alirudi na chupa iliyobaki nusu akauliza, kwa uchungu wa kweli, nani atamlipa.

Sitaeleza yote ya usiku ule. Maji hayaondoi sifa, yanaitembeza tu. Sabuni ya mche ilitoa povu na harufu ikabaki. Ndimu zilizotengwa kwa pilau ya harusi ziliisha zote, na mwenye nyumba akanuka papa wa kukaangwa. Jirani, yule wa chekecheo, alichungulia juu ya ukuta na taa ya chemli, akauliza kwa upole kama vata imeshuka.

Aliyeokoa ni Bi Mkubwa. Alitoka na unga wa dengu, akamnyunyizia mwanawe ukiwa mkavu, asimmwagie maji kwanza, akausugua mpaka ukanywa mafuta na kudondoka kwa madonge. Akarudia. Kisha akamsinga kwa liwa iliyosagwa na marashi ya waridi, sehemu ya ile aliyoiandaa kwa ajili ya bibi harusi. Wifi alikuwa amesimama pembeni na daftari, analia, anafunua kurasa asijue anatafuta nini, mpaka akasoma kwa sauti: mafuta yakizidi mwilini, yaondolewe kwa unga wa dengu. Bi Mkubwa akanyoosha mkono bila kugeuka. “Basi acha kusoma, leta unga mwingine.” Walifanya kazi pamoja mpaka adhana ya alfajiri, na sikuwasikia wakibishana.

Akdi ilifungwa. Mwenye nyumba kwa mbele alinukia bibi harusi, kwa nyuma alinuka ufukwe. Watu walimwachia nafasi pana msikitini, na sheikh wetu, ambaye khutba zake za ndoa zinajulikana kwa urefu, siku hiyo aligusa yaliyo ya lazima akaomba dua. Mzee mmoja mvuvi alimshika mkono walii wetu akamuuliza papa alipatikana upande gani.

Mwenye nyumba alilipiza kwa njia yake. Jumatatu alimwita dada yake, akamkumbusha kuwa nchi hii ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 na ina Baraza la kusajili, akauliza cheti chake chenye dhahabu kimesajiliwa wapi. Lilikuwa swali la hasira, ila lilikuwa swali la haki, na wifi alikwenda kulishughulikia. Alirudi mtulivu zaidi, na chupa zake zote zimebandikwa karatasi.

Mimi nimeliona jambo hili kwa karibu kuliko nilivyotaka, na hukumu yangu ni hii. Kugawa watu mafungu matatu ni msaada wa kuanzia, hasa kwa mchuaji mgeni ambaye hajashika miili mingi. Unamlazimisha atazame ngozi kabla ya kumimina. Hospitali haitambui vata wala kafa, na mchuaji akianza kudai ataponya kisukari kwa ufuta, vaa viatu uondoke. Lakini kwamba ngozi kavu inapenda mafuta mazito ya moto wakati wa baridi, na ngozi yenye mafuta yake haihitaji kuongezewa, hilo Charaka na Bi Mkubwa wanasema pamoja na sina sababu ya kulikataa. Isipokuwa kuandikwa kafa bila kusailiwa. Hilo bado nina kinyongo nalo.

Potwe walipokuja Oktoba wifi alipata kazi Utende. Maswali ya ndoto na hasira ameyaacha. Anauliza kama mgeni ana kidonda, kama ameungua na jua, kwa sababu ngozi iliyoungua haichuliwi, na kama ana mzio wa ufuta, maana wapo wanaovimba kwa ufuta hadi kukosa pumzi. Marekani tangu 2023 sheria inataka vyakula vya viwandani vyenye ufuta vitajwe hivyo kwenye kifungashio. Kisha anamshika mgeni kiwiko na kumpapasa goti, kimya, kama alivyofundishwa.

Mafuta ya nazi ananunua kwa Bi Mkubwa, ambaye sasa ana sufuria ya wageni isiyobandikwa motoni. Analipa fedha taslimu, chupa kwa chupa. Hakopeshwi.